SAFARI YETU YA MARSEILLE

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wajumbe watatu wa Chama mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu, na wale wa steshen za mbali ambao hawakuweza kufika.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu na dada wanachama,

Tumesimama mbele yenu kutoa hesabu ya safari. Mlituchagua watu watatu, mmoja wa karakana, mmoja wa njia, na mmoja wa magari, mkatutuma kwenda kuwatazama wafanya kazi wenzetu wa reli na wa bandari katika mji wa Marseille, nchi ya Ufaransa. Tulikaa huko siku nne tu. Mtu hawezi kuujua mji kwa siku nne, lakini akiwa na macho na masikio anaweza kurudi na neno la kuwaambia waliomtuma.

Kwanza habari ya fedha, maana tunajua ndilo swali lililo mdomoni mwa wengi. Nauli na malazi vililipwa na wenyeji wetu. Chama kilitupa fedha ya matumizi madogo tu, na stakabadhi zote ziko kwa Mweka Hazina. Mwanachama yeyote anayelipa ada yake ana haki ya kuzitazama. Hayo tumeyamaliza, sasa tuingie katika safari.

GARI NA STESHEN

Tulishuka kwa ndege mjini Paris, kisha tukapanda gari la moshi kwenda kusini. Ndugu, moshi hakuna. Ni gari la umeme. Tumeendelea kusema gari la moshi kwa kuwa ndilo jina tulilolizoea. Kutoka Paris mpaka Marseille ni mwendo wa kilometa kama 750, na gari lile huzimaliza kwa saa tatu na dakika chache. Njia hiyo ya mwendo wa kasi ilifikishwa Marseille mwaka 2001. Gari linapofika kilometa 300 kwa saa, kikombe cha chai kimekaa mezani kimetulia, hakimwagiki. Mwenzetu wa njia hakutazama nje kabisa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza chini, na kila mara alisema, "Njia hii imepigwa vizuri."

Upana wa reli yao ni milimeta 1,435, sawa na reli yetu mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Reli yetu ya zamani, ambayo babu zetu waliijenga na wengine kuzikwa kando yake, ni ya meta moja. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba mambo ya kule ni ya ulimwengu mwingine. Chuma ni kile kile, na mgongo unaokiinamia ni ule ule.

Steshen ya Marseille inaitwa Saint-Charles. Ilifunguliwa mwaka 1848 juu ya kilima, nayo ni mwisho wa njia. Gari likiingia lazima litoke kwa nyuma. Mbele yake kuna ngazi kubwa ya mawe yenye vidato 104, ambayo ilifunguliwa mwaka 1927. Ukisimama juu ya ngazi ile na mzigo wako unauona mji wote chini yako, mapaa mekundu, na ng'ambo, juu ya kilima kingine, kanisa lenye sanamu ya Mama Maria iliyopakwa dhahabu. Ukitazama vizuri ngazi yenyewe utaona sanamu za wanawake zilizochongwa kuwa mfano wa makoloni ya Afrika na ya Asia. Wamelazwa pale kando ya njia ya abiria kama watu wanaongoja amri. Mwenyeji wetu, mzee aliyestaafu udereva wa magari, alituona tunazitazama. Akasema, "Hao ndio waliolipa gharama za mji huu, nasi tumewachonga bila nguo." Tulimpenda mzee yule tangu hapo.

MJI WENYEWE

Sisi tuliosoma shule za misheni tulilijua jina la bahari ile kabla hatujaiona bahari yetu wenyewe, kwa sababu ya safari za Mtume Paulo na merikebu iliyovunjika Malta. Tulidhani ni bahari ya dhoruba siku zote. Tuliikuta buluu na tulivu, ila upepo ndio mkali. Wanauita Mistral. Unashuka kutoka kaskazini, mkavu na baridi, na ukianza mtu hushika kofia yake na kufunga madirisha.

Mji ni wa kale sana. Wagiriki waliufanya yapata miaka 600 kabla ya Kristo, na tangu siku hiyo haujaacha kuwa bandari. Bandari ya zamani iko katikati ya mji, kama sufuria iliyozungukwa na nyumba. Mlangoni pana ngome mbili, moja kila upande. Tulipouliza ngome zile zilimlinda nani, tuliambiwa kwamba ile ya kusini ilijengwa kuanzia mwaka 1660 na mfalme aliyewashuku wenyeji wenyewe, ili mizinga yake iwatie adabu watu wa mji. Ninyi wa Mombasa mnaijua habari ya ngome, hatuna haja ya kueleza zaidi.

Asubuhi, kando ya maji, wavuvi huleta samaki katika mashua ndogo, na meza zinapangwa pale pale. Wauzaji wengi ni wanawake, na sauti zao si za kunong'ona. Samaki wanarukaruka mezani, mnunuzi anashika kiuno, muuzaji naye anaapa kwa mama yake. Tungefumba macho tungedhani tuko sokoni kwetu. Wana mchuzi wao mashuhuri wa samaki, bouillabaisse, ambao zamani ulikuwa chakula cha wavuvi maskini, mabaki ambayo hayakununuliwa, yaliyochemshwa pamoja. Leo katika hoteli zilizo kando ya bandari bei yake ni ya wageni wenye pesa, na mvuvi anapita mbele ya mlango akinusa tu. Sisi tulikula dengu zilizosagwa na kukaangwa vipande vipande, wanaziita panisse. Ni chakula kizuri, kinashibisha, na hakitoboi mfuko.

Mji una watu zaidi ya 800,000, wa pili kwa ukubwa katika Ufaransa. Kuna Wafaransa, Waitaliani, Waarmenia, Waalgeria, Watunisia, Wasenegali, na wengine wengi. Katika mtaa wa soko unaoitwa Noailles tulisikia lugha nyingi kuliko tulizoweza kuhesabu, na harufu ya bizari ilitupokea kama ndugu. Vijana huvaa fulana za timu yao ya mpira, ile iliyochukua Kombe la Ulaya mwaka 1993 kwa bao moja la Basile Boli, aliyezaliwa Ivory Coast. Ukilitaja bao hilo mjini Marseille hutanunua kahawa, utanunuliwa.

WANGAZIJA

Sasa tuwaambie jambo ambalo hatukulitazamia. Tulikwenda na hofu ya lugha, kwa maana kati yetu hakuna ajuaye Kifaransa. Wenyeji walituletea mkalimani, kijana anayefanya kazi ya kusafisha mabehewa. Alipotusikia tunasemezana, akacheka, akasema, "Karibu." Alikuwa Mngazija.

Ndugu, Marseille imejaa Wangazija, makumi ya maelfu. Wenyewe husema kwa mzaha kwamba mji ule ni kisiwa kingine cha Komoro. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa mabaharia na wapiga makaa katika meli za Kifaransa zilizotoka Marseille, zikapita Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, zikashuka pwani yetu mpaka Madagaska. Lugha yao na yetu ni ndugu. Hatukuelewana kila neno, lakini kila sentensi ilikuwa na neno moja la kushikilia. Kwao "marahaba" ndiyo asante. Kila tulipopewa kitu tulisema asante, naye alipopewa alisema marahaba, na mwisho tukawa tunabadilishana. Alitupeleka kula kuku wa kuchoma kwa watu wake, na chakula chenyewe wanakiita mabawa. Hapakuhitajiwa mkalimani.

Lakini hakutuonyesha chakula tu. Alitupeleka kaskazini ya mji, mahali wanapokaa wafanya kazi, kwenye barabara iliyopewa jina la Ibrahim Ali. Huyo alikuwa kijana wa miaka 17, mtoto wa Kingazija, mwimbaji. Usiku wa tarehe 21 Februari 1995 alikuwa anakimbilia basi pamoja na wenzake baada ya mazoezi ya muziki, akapigwa risasi ya mgongo na mmoja wa watu waliokuwa wakibandika matangazo ya chama cha siasa kinachowapinga wageni. Wazazi na rafiki zake waliomba kila mwaka barabara ile iitwe kwa jina lake. Walipewa mwaka 2021. Walidai kwa miaka 26. Mkalimani wetu alisema, "Kibao ni kidogo, lakini hatukukiacha." Tumelileta neno hilo kwenu kama lilivyo.

BANDARI NA MAKULI

Tulikwenda kutazama bandari, tuwape habari za kazi.

Bandari ya zamani ilipokuwa ndogo mno, walijenga gati mpya upande wa kaskazini, mahali paitwapo La Joliette, kuanzia miaka ya 1840. Huko kuna ghala moja kubwa la mawe na chuma lililomalizwa miaka ya 1860, lenye urefu wa meta 365, kama siku za mwaka. Ndani yake yalipita mazao ya dunia nzima. Hata ufuta wa Lamu na mbata ya Unguja vilinunuliwa na matajiri wa Marseille katika karne ya 19, vikakamuliwa mafuta, na mafuta yakawa sabuni. Mnaijua sabuni ya Marseille, ile ya vipande vya pembe nne. Jasho la mkulima wa pwani yetu liliosha mashati ya Ulaya, na mkulima mwenyewe hakujua.

Leo ghala lile ni maofisi na maduka. Makasha mengi hayashuki mjini tena. Yanashuka Fos, kiasi cha kilometa 50 kwa upande wa magharibi, kwenye bandari kubwa iliyojengwa tangu miaka ya 1960. Mjini zimebaki meli za abiria wa matembezi, za Corsica na Algeria, na matengenezo ya meli.

Kuli wa Marseille alikuwa kibarua kama kuli wa Mombasa. Alfajiri watu walisimama uwanjani, nyapara akapita akichagua: wewe, wewe, na wewe. Asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye mdomo wa kudai haki hakuchaguliwa. Mambo hayo hatukuyasoma kwa Wafaransa. Wazee wetu wa Kilindini waliyaishi. Makuli wa Ufaransa walipigana mpaka ikatoka sheria ya tarehe 6 Septemba 1947, iliyompa kuli wa kudumu kadi yake, na siku ambayo hakuna meli apate malipo ya kungojea. Mwaka 1992 ikaja sheria nyingine iliyowafanya wengi wao kuwa watu wa mshahara wa mwezi chini ya makampuni. Wengine wanaisifu, wengine wanailaumu, maana idadi ya watu ilipungua sana. Kazi ya kudumu ilikuja kwa wachache, na wengi walipewa kiinua mgongo wakaenda zao.

Tuliambiwa pia habari ya mwaka 1950. Ufaransa ilikuwa inapigana vita Indochina, na silaha zilipakiwa Marseille. Meli zilirudi na majeneza na majeruhi. Makuli wakasema, hatupakii. Mgomo ulidumu majuma kadhaa. Walishindwa, ndugu, tusifiche. Wengi walinyang'anywa zile kadi walizozipata miaka mitatu kabla. Mwalimu mmoja wa mji ule, Paul Carpita, alitengeneza filamu juu ya jambo hilo. Ikapigwa marufuku mwaka 1955, ikafichwa, na watu hawakuiona tena mpaka mwaka 1990 au karibu yake. Tumewaambia ya kushindwa kwa sababu chama kinachosimulia ushindi peke yake kinawalea watoto wasiojua mvua.

Katika makuli wa miaka ile alikuwamo Mwafrika mmoja, Ousmane Sembène wa Senegal. Alibeba mizigo gatini, akawa mwanachama, akaumia uti wa mgongo kazini. Alipolala kitandani akasoma, na baadaye akaandika. Kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1956 kilihusu kuli mweusi wa Marseille. Kingine, cha mwaka 1960, kilihusu mgomo wa wafanya kazi wa reli ya Dakar hadi Niger, ambao ulianza tarehe 10 Oktoba 1947 ukaisha tarehe 19 Machi 1948. Zaidi ya miezi mitano! Walidai jambo moja kubwa: daraja moja la kazi kwa Mwafrika na Mzungu, posho sawa ya watoto na nyumba. Wake zao ndio waliolisha mgomo ule. Tulijivuna kusikia kuli akiandika habari za watu wa reli. Mara nyingi sisi wenyewe hatuandiki hata barua kwa Katibu.

NYUMBA

Tulipita mtaa wa Aubagne, karibu na lile soko. Katikati ya nyumba kuna pengo kama jino lililong'olewa. Tarehe 5 Novemba 2018, asubuhi, nyumba ziliporomoka pale wakafa watu 8. Watu walikuwa wamelalamika habari ya nyufa na milango isiyofunga. Baada ya maafa hayo maelfu walihamishwa kutoka nyumba nyingine mbovu, na watu walijaa barabarani wakiandamana. Kesi ilisikilizwa mwishoni mwa 2024, na mwaka 2025 baadhi ya walioshitakiwa walitiwa hatiani.

Hapo hatukuweza kusema kitu. Tulikumbuka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, watu wapatao 50 chini ya vifusi. Tunadhani mambo hayo ni ya nchi maskini. Si ya nchi maskini. Ni ya watu maskini, popote walipo. Mshahara ni nusu ya madai. Nusu ya pili ni mahali ambapo mfanya kazi analaza watoto wake. Ninyi mnaokaa katika landi za zamani mnajua tunachosema.

CHAI

Tulisimuliwa habari moja iliyotuchangamsha. Nje kidogo ya Marseille, mahali paitwapo Gémenos, palikuwa na kiwanda cha kupaki chai. Mwaka 2010 kampuni kubwa iliyokimiliki ilitangaza kukifunga na kupeleka kazi nchi nyingine za Ulaya. Wafanya kazi walikuwa 182. Walikikalia kiwanda, wakalinda mashine zisiondolewe, wakaenda mahakamani mara nyingi. Siku zilikuwa 1,336. Mwishoni walibaki kama 76, na mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa fedha na kuwaachia mashine. Wakafanya ushirika wao, na chai yao wakaipa jina hilo hilo: 1336.

Walituuliza, je, mchuma chai wa Kericho anajua majani yake yanakwenda wapi? Tuliwajibu kwamba mara nyingi anajua mpaka lango la kiwanda. Huo ni upungufu. Kamba ya kazi ni ndefu, na kila mmoja ameshika kipande chake gizani.

RELI YAO NA RELI YETU

Sasa tufike penyewe. Wenzetu wa reli ya Ufaransa wana jina kwa migomo. Desemba 1995 walisimamisha nchi majuma matatu kwa ajili ya malipo ya uzeeni, na Serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2018 waligoma miezi mitatu, siku mbili katika kila siku tano, wakipinga kuondolewa kwa masharti yao ya kazi. Hiyo hawakushinda. Tangu mwanzo wa 2020, kijana anayeandikwa hapati masharti aliyoyapata baba yake. Wakaa meza moja, wanafanya kazi moja, kwa karatasi mbili.

Tena, tangu tarehe 29 Juni 2025, magari ya abiria ya mkoa kutoka Marseille kwenda Toulon na Nice yanaendeshwa na kampuni nyingine iliyoshinda zabuni. Wafanya kazi walihamishwa kwenda kwa mwajiri mpya. Tuwe wakweli: safari zimeongezwa maradufu, kutoka 7 mpaka 14 kwa siku kwenda na kurudi, na abiria wengi wanafurahi. Wenzetu walikiri hivyo. Lakini waliuliza: mkataba ukiisha na mwingine akishinda zabuni, sisi tutahamishwa tena pamoja na viti?

Tuliwajibu kwa yaliyotupata. Mwaka 2006 reli yetu ilikodishwa kwa miaka 25. Maelfu ya wenzetu walitolewa kazini. Ukodishaji huo haukufika hata nusu ya muda wake. Kwa upande wa Kenya ulikatishwa mwaka 2017. Mabehewa yalichoka, mwenye kukodi akaondoka, na sisi tukabaki hapa hapa. Mzee wetu yule dereva alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mkalimani, "Waambie watuandikie habari hiyo. Tunataka kuisoma kwenye mkutano." Kwa hiyo, ndugu, msidhani tulikwenda kupokea tu. Tulikuwa na kitu cha kutoa.

Neno kubwa tuliloliona ni hili. Katika jumba la wafanya kazi la Marseille, wanaloliita Bourse du Travail, watu wa reli, wa bandari, wa posta, wa hospitali, wana vyumba katika jengo moja. Si kwamba wanapendana siku zote. Tuliwasikia wakigombana kwa sauti mpaka tukatazama mlango. Vyama vyao ni vingi na vinavutana. Lakini wanagombana ndani ya nyumba moja, na tajiri akija na barua ya kuwagawanya, barua inasomwa na wote siku ile ile.

Sisi je? Januari 1947, Mombasa ilisimama kimya. Makuli wa gatini na watu wa reli waliweka chini kazi pamoja, maelfu, na katika mgomo huo kikaja chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye alikamatwa mwaka huo huo akafungiwa mbali kwa miaka. Hapo watu wa reli na wa bandari walikuwa kidole na kucha.

Sasa kumbukeni miaka ya karibu. Ilipotoka amri kwamba makasha yapande reli mpya mpaka Nairobi, sisi wa reli tulifurahi, kwa kuwa kazi ilikuwa inakuja kwetu. Mwaka 2019 watu wa Mombasa, madereva wa malori, makarani, mama lishe wa Changamwe, waliandamana kila Jumatatu wakisema mji wao unakufa. Mwaka 2022 amri ikaondolewa, nao wakafurahi, na kwetu watu wakaanza kuulizana juu ya kesho. Mnaona jambo hilo? Mara mbili mfanya kazi mmoja alishangilia hasara ya mwingine. Na aliyetoa amri ya kwanza hakutuuliza sisi, wala aliyeiondoa hakuwauliza wale. Katika siku zote hizo, hatukuketi nao hata mara moja.

MAPENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, tusingependa safari hii iishie katika kusimulia samaki na ngazi. Sisi wajumbe watatu tumekubaliana kuleta mambo manne mbele ya mkutano:

1. Halmashauri iandike barua kwa wenzetu wa bandari na wa malori, tuketi pamoja walau mara moja kila miezi mitatu, tuzungumze habari ya mizigo kabla ya amri nyingine kuja. Tugombane ikibidi, lakini tugombane tukitazamana.

2. Kila tawi liandike habari ya yale yaliyotupata kuanzia 2006 mpaka 2017: nani alitolewa, alilipwa nini, anaishije sasa. Wazee wanakufa na habari zao. Tumeahidi kuzipeleka Marseille, lakini kwanza tunazihitaji sisi.

3. Kibarua anayefanya kazi ya kudumu bila karatasi ya kudumu aandikishwe katika Chama. Tusingoje aandikwe na mwajiri ndipo tumwite ndugu.

4. Ukaguzi wa nyumba za wafanya kazi ufanywe na wanachama wenyewe, nyumba kwa nyumba, na ufa wowote uandikwe kwa tarehe. Ufa ulioandikwa ni ushahidi.

Mtu atasema, mambo manne ni mengi kwa chama chenye ada ndogo. Ni kweli ada ni ndogo, na wengine hawajailipa tangu Pasaka. Majina yao hatutayasoma leo. Lakini katika mambo hayo manne hakuna hata moja linalohitaji nauli ya ndege. Yanahitaji kalamu, miguu, na jioni mbili za mwezi.

Siku ya kuondoka, wenyeji walitusindikiza mpaka steshen. Mkalimani wetu alikuwa zamu. Alitupungia mkono kutoka mlango wa behewa huku ameshika ndoo. Tulimwambia asante, naye akajibu marahaba.

Sasa ulizeni maswali. Mwenzetu wa karakana atajibu ya mashine, wa njia atajibu ya reli, na mengine yote tutasaidiana.

Umoja wetu udumu.